Usingizi Uliovurugika: Tuanze na Kengele ya Asubuhi

Kila mwanzo wa muhula shule zetu za bweni hupokea wanafunzi ambao kwa wiki kadhaa wamelala watakapo na kuamka watakapo. Nyumbani kuna televisheni, kuna simu ya mkononi ya kaka au ya mama, kuna mazungumzo ya barazani yasiyokwisha. Kijana hulala saa 8 usiku, naye huamka saa 4 asubuhi jua likiwa limekwisha panda. Kisha siku moja anapanda basi kwenda shuleni, na kesho yake kengele ya bweni inalia saa 11 alfajiri. Yanayofuata walimu wote tunayajua. Katika kipindi cha pili na cha tatu vichwa vinalala juu ya madawati. Mwalimu wa Hisabati anawasimamisha wanaosinzia nyuma ya darasa, mwalimu wa Jiografia anawatuma nje kunawa uso, na mwalimu wa zamu anaandika katika kitabu chake kwamba kidato hiki kina wavivu wengi. Usiku taa zinapozimwa, hao hao waliokuwa wakisinzia mchana wako macho, wananong'ona, na kiranja anaandika majina yao.

Katika makala haya tunataka kudai jambo moja. Shule nyingi hujaribu kuurekebisha usingizi uliovurugika kwa kuanzia usiku, kwa amri ya kuzima taa na adhabu kwa anayezungumza. Kwa maoni yetu, hapo ndipo mahali pasipofaa kuanzia. Hakuna mtu awezaye kulala kwa kuamriwa. Lakini mtu yeyote mwenye afya aweza kuamshwa kwa kuamriwa, na akisha kuamshwa saa ile ile kila siku na kutolewa nje penye mwanga, usiku wake utajirekebisha wenyewe baada ya siku chache. Tunalitoa jambo hili katika jarida la mbinu za kufundishia kwa sababu somo alilofundishwa aliyelala halijafundishwa, hata kama andalio lake lilikuwa zuri kiasi gani.

Yafaa kwanza tukumbushane jinsi usingizi unavyopangwa na mwili. Mwaka 1729 mtaalamu wa Ufaransa, Jean-Jacques d'Ortous de Mairan, aliuweka gizani mmea wa jamii ya kifauongo, ambao hufunua majani yake mchana na kuyakunja usiku. Aliona kwamba hata pasipokuwa na jua majani yaliendelea kufunuka na kukunjika kwa nyakati zake. Basi mmea ulikuwa na saa yake ndani. Jaribio hili halihitaji maabara, nasi tunashangaa kwamba halifanywi katika shule nyingi zaidi, maana kifauongo huota hata pembeni mwa viwanja vyetu vya mpira. Mwalimu wa Baiolojia achukue vikopo viwili vyenye mmea huo, kimoja akiweke dirishani na kingine ndani ya kabati, kwa siku mbili au tatu, na wanafunzi wachungulie asubuhi na jioni. Waonywe tu kwamba wasiyaguse majani wala kukitikisa kikopo, kwani mmea huo hukunja majani kwa kuguswa pia, na hapo jaribio litakuwa limeharibika.

Wanadamu nao wana saa hiyo. Namna inavyofanya kazi ndani ya chembe hai iligunduliwa kwa kuwachunguza inzi wadogo wa matunda, na kwa kazi hiyo Jeffrey Hall, Michael Rosbash na Michael Young walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2017. Kwa mwalimu, habari iliyo muhimu zaidi ni ndogo na rahisi. Vipimo vilivyotolewa Marekani mwaka 1999 vilionyesha kwamba saa ya mwilini ya binadamu, ikiachwa bila kuongozwa na mwanga wa mchana, huzunguka kwa wastani wa saa 24 na dakika 11 hivi. Yaani kwa kawaida huchelewa kidogo kila siku. Kinachoirudisha mahali pake ni mwanga. Mwanga wa asubuhi huiwahisha, mwanga wa usiku huichelewesha. Ndiyo maana kuharibu ratiba ya usingizi ni rahisi kuliko kuitengeneza: anayechelewa kulala anakwenda upande ambao mwili wenyewe unaelekea, na anayetaka kuwahi anaupandisha mlima. Likizo hutimiza kwa wiki moja kile ambacho shule haiwezi kukitengua kwa usiku mmoja.

Tena saa hii haitii amri. Mwaka 1938 Nathaniel Kleitman na mwanafunzi wake Bruce Richardson waliishi siku 32 ndani ya Mammoth Cave, pango kubwa la Kentucky huko Marekani, pasipofika mwanga wa jua, wakijaribu kuishi kwa siku yenye saa 28. Richardson, aliyekuwa kijana, mwili wake ulifuata ratiba hiyo mpya. Kleitman, aliyekuwa amevuka miaka 40, joto la mwili wake liliendelea kupanda na kushuka kwa saa 24 kama kawaida, na usingizi ukamsumbua. Wote wawili walikuwa pango moja na ratiba moja, na wote walikuwa na nia. Mwalimu anayedhani kwamba mwanafunzi asiyepata usingizi saa 4 usiku ni mkaidi, na awafikirie watu hao wawili.

Hapa tuseme neno kidogo juu ya lugha yetu. Waswahili tunaihesabu saa ya kwanza ya mchana baada ya jua kuchomoza, tukaiita saa moja. Mgeni huona ajabu kwamba siku yetu haianzii katikati ya usiku. Lakini kwa habari ya usingizi hesabu yetu ndiyo inayofaa, kwa kuwa mwili nao huanza kuhesabu asubuhi. Saa ambayo usingizi utamjia mtu jioni hutegemea sana saa aliyoamka na saa aliyouona mwanga. Aliyeamka saa 12 asubuhi huanza kukusanya uchovu tangu hapo. Kemikali iitwayo adenosini huongezeka katika ubongo wake kadiri anavyokaa macho, hata ikifika saa 3 au saa 4 usiku macho yenyewe yanakuwa mazito. Aliyeamka saa 4 asubuhi hajafika huko. Kumlaza saa 4 usiku ni sawa na kumlaza mwenzake saa 12 jioni.

Sasa tuje kwenye matendo. Katika siku kumi za mwanzo wa muhula, jambo la kwanza na lisiloguswa liwe kengele ya kuamka. Ilie saa ile ile kila siku, Jumamosi na Jumapili zikiwamo. Shule nyingi hukosea hapa kwa huruma: huwaacha wanafunzi walale hadi saa 3 au saa 4 asubuhi siku ya Jumapili ili "wafidie". Usiku wa Jumapili usingizi hauji, na Jumatatu yote inapotea. Kufidia kwa saa moja hakudhuru; kufidia kwa saa nne ni kuanza likizo upya.

Jambo la pili ni mwanga. Hapa shule zetu zina hazina ambayo nchi nyingi hazina, nayo ni mchakamchaka. Kukimbia kwa nyimbo katika mwanga wa jua la asubuhi, kisha usafi wa mazingira, kisha paredi uwanjani, ni dawa ya usingizi uliovurugika kuliko dawa yoyote ya dukani, kwa sababu mwanga wa nje, hata siku ya mawingu, huushinda mara nyingi ule wa darasa lenye taa za umeme. Lakini iwe ni katika mwanga kweli. Tanzania nzima hutumia saa moja, wakati jua huchomoza Kigoma karibu dakika 40 baada ya kuchomoza Dar es Salaam. Mchakamchaka wa saa 11 alfajiri ni giza kote nchini, na huko Kigoma ni usiku kabisa. Mwanafunzi anatoka jasho, anaumia vidole kwa mawe, na saa ya mwilini haijapata ishara yoyote. Kisha jua linapochomoza yeye yumo ndani anajisomea. Tungependa kuona wakuu wa shule wanaipanga ratiba ya asubuhi kwa kutazama jua la mahali pao, wala wasinakili ratiba ya shule nyingine iliyo mbali.

Usiku katika siku hizo za mwanzo ushughulikiwe kwa upole. Wako watakaokaa macho. Wasiadhibiwe kwa kutolewa nje na kupigishwa magoti chini ya taa, kwani mwanga huo wa usiku utaichelewesha saa yao zaidi, na hasira itauondoa usingizi uliokuwa unakaribia. Watakiwe kunyamaza na kulala chali gizani, basi. Asubuhi waamshwe pamoja na wenzao, hata kama wamelala saa nne tu, na mwalimu wa darasa aijue hali hiyo. Baada ya chakula cha mchana wapewe nusu saa ya kupumzika, isizidi hapo, na isivuke saa 9 alasiri, maana anayelala hadi jioni ameutumia usingizi wa usiku. Chai ya rangi na kahawa zikome jioni. Mwili wa mtu mzima huchukua kama saa tano kuiondoa nusu ya kafeini aliyokunywa, wengine zaidi. Kikombe cha saa 2 usiku kimebaki nusu kikombe saa 7. Wanafunzi waliofunga Ramadhani na kuzoea kuamkia daku watahitaji utaratibu huu huu baada ya Idi, nao hauna tofauti yoyote ila kwamba kuvurugika kwao hakukutokana na uzembe.

Tunajua kwamba upinzani mkubwa utatoka kwa walimu wa madarasa ya mtihani. Hao husema kwamba hawana muda wa kulea usingizi. Katika baadhi ya shule kidato cha nne huamshwa saa 10 usiku kujisomea, na taa huzimwa saa 5 usiku. Hesabu yake ni saa tano. Chama cha Marekani cha Tiba ya Usingizi kilipendekeza mwaka 2016 kwamba vijana wa miaka 13 hadi 18 walale saa 8 hadi 10 kwa siku. Jirani zetu wa Kenya, katika kanuni zao za elimu ya msingi za mwaka 2015, waliweka muda wa kulala kwa shule za bweni kuwa tangu saa 3.30 usiku hadi saa 12 asubuhi, yaani saa 8 na nusu. Hatusemi kwamba kanuni ikiandikwa imekwisha fuatwa. Tunasema kwamba kuna watu wa elimu, tena si wa mbali, waliokaa na kuona kwamba saa tano hazitoshi.

Na kwani hizo saa zilizoibwa zinaleta nini? Wanafunzi wenyewe husema wanakwenda "kupiga msuli". Wengine hutia miguu katika beseni la maji baridi ili wasisinzie. Juhudi hiyo twaiheshimu, lakini matunda yake ni machache. Mwaka 1924 John Jenkins na Karl Dallenbach wa Chuo Kikuu cha Cornell waliwapa wanafunzi wawili orodha za silabi zisizo na maana wazikariri. Mara nyingine wanafunzi hao walilala baada ya kukariri, mara nyingine wakaendelea na shughuli za mchana, kisha wakaulizwa. Baada ya saa nane za kulala walikumbuka zaidi ya nusu. Baada ya saa nane za kuwa macho walikumbuka kama moja katika kumi. Wanafunzi wawili ni wachache, na mtu angeweza kulipuuza jaribio hilo kama lingekuwa peke yake. Lakini tangu wakati huo limerudiwa kwa namna nyingi na faida ya kulala baada ya kujifunza imeonekana tena na tena. Anayemwamsha mwanafunzi saa 10 usiku ili akariri anamkata usingizi ambao ungehifadhi aliyoyasoma saa 2 usiku. Kwa mwalimu wa mtihani hiyo ni hasara ya alama.

Liko jambo jingine ambalo walimu hulipita. Mtoto anapobalehe saa yake ya mwilini huchelewa kuliko alivyokuwa mdogo, wala hili si tabia mbaya aliyojifunza mjini. Yule yule aliyekuwa akisinzia saa 2 usiku akiwa darasa la tatu, akifika kidato cha pili hapati usingizi kabla ya saa 4 au saa 5. Kwa hiyo kengele ya saa 10 usiku humkuta katikati ya usiku wake. Mwalimu aliyevuka miaka 50, ambaye huamka mwenyewe alfajiri bila kengele, hudhani kwamba kijana naye angeweza akitaka.

Wako watakaotujibu kwamba wazee wetu walilala kidogo na walikuwa imara. Hoja hii ina ukweli ndani yake, nasi hatupendi kuipita kwa haraka. Mwaka 2015 Gandhi Yetish, Jerome Siegel na wenzao walichapisha uchunguzi wa usingizi wa watu wanaoishi bila umeme: Wahadzabe wa hapa Tanzania, Wasani wa Namibia na Watsimane wa Bolivia. Wengi wetu tungetazamia kwamba watu hao hulala jua likizama. Sivyo. Kwa wastani walilala zaidi ya saa tatu baada ya jua kuzama, na usingizi wenyewe ulikuwa kati ya saa 5.7 na 7.1. Mwalimu anayependa kengele ya saa 10 usiku angeweza kuishika takwimu hiyo kwa mikono miwili. Lakini na aisome yote. Kwanza, hao waliopimwa walikuwa watu wazima, na vijana wa kidato cha tatu si watu wazima. Pili, muda waliojinyoosha kulala ulikuwa kati ya saa 6.9 na 8.5, mwanafunzi aliyepewa saa tano kitandani hatalala hata hizo tano. Tatu, na hili ndilo tunalolishikilia, saa yao ya kuamka ilibadilika kidogo kuliko saa yao ya kulala, wengi wakiamka kabla ya jua kuchomoza, kisha wakawa nje mwangani asubuhi nzima. Asubuhi yao ilikuwa thabiti. Nguzo hiyo ndiyo tunayotaka shule ziisimamishe.

Kutoka kwa Wahadzabe hao hao limepatikana jambo jingine, lililochapishwa mwaka 2017. Watu wazima 33 walipimwa usiku kwa siku 20, na dakika ambazo wote walikuwa wamelala kwa pamoja zilikuwa 18 tu. Wengine walilala mapema, wengine walichelewa, wengine waliamka katikati. Kiranja wa bweni lenye vitanda 40 anayetaka kimya cha kila kichwa saa 4 kamili anatafuta kitu ambacho hata porini hakipatikani. Kimya cha midomo anaweza kukipata, na kinatosha.

Kazi kubwa zaidi, hata hivyo, ingefanyika kabla mwanafunzi hajapanda basi. Kila shule hutuma taarifa ya maendeleo kwa mzazi mwisho wa muhula, pamoja na orodha ya mahitaji: ndoo, fagio, jembe, daftari. Tungependa chini ya orodha hiyo iongezwe mistari mitatu. Kwamba siku nane kabla ya shule kufunguliwa mtoto aanze kuamshwa mapema kwa nusu saa zaidi kila siku, hata kutoka saa 4 afikie saa 12 asubuhi. Kwamba akiamka atoke nje, apewe kazi ya uwanjani au atumwe kisimani. Na kwamba simu na televisheni zizimwe saa moja kabla ya kulala. Mzazi hatagharimika kwa lolote.

Nao walimu wanafunzi wetu wanaokwenda mazoezi ya kufundisha wangeweza kulifanya jambo hili kuwa somo. Kila mwanafunzi aandike kwa siku 14 saa aliyolala, kwa kukisia tu, na saa aliyoamka. Kisha katika kipindi cha Hisabati wachore grafu, watafute wastani, na walinganishe Jumapili na Jumanne. Tumeona mara nyingi kwamba kijana asiyesikia mawaidha husikia grafu aliyoichora mwenyewe. Mwalimu naye achore yake. Wapo wanaoandika maandalio hadi saa 7 usiku kisha wakafundisha wakiwa nusu usingizini, na darasa linawaona.

Baada ya wiki tatu watakuwapo wachache ambao hawajatengemaa. Hao wasihesabiwe kuwa wakaidi kabla hawajachunguzwa. Huenda ni kunguni, au chandarua kilichotoboka. Huenda mtoto ana mafindofindo makubwa na anakoroma hata pumzi inakatika, hivyo analala saa nane bila kupumzika. Huenda ana upungufu wa damu kwa minyoo au malaria. Katika wilaya zenye mbung'o yakumbukwe na malale, ambayo huugeuza usingizi, mgonjwa akasinzia mchana na kukesha usiku. Na yuko yule ambaye hakuna ugonjwa ila ana jambo la nyumbani linalomweka macho, ambalo atamwambia matroni kabla ya kumwambia mwalimu. Matroni apewe nafasi ya kusema katika kikao cha walimu, mtoto apelekwe zahanati ikihitajika, na jina lake lifutwe katika kitabu cha kiranja.